Mbwa wa Kumfukuza Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Maji yamezidi unga. Mke wangu katoa amri: kabla mwezi haujaisha, redio mbovu za wateja zitoke chini ya kitanda chetu, la sivyo nitoke nazo. Nikamwambia zingehamia chumba cha nyuma, kama kaka yake asingekuwa amelala humo tangu mwaka jana. Alikuja kwa wiki mbili! Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu ukimpa jembe ataliegemea.

Lakini leo Mungu kanikumbuka. Shemeji aliumwa na mbwa utotoni. Mbwa akibweka kwenye televisheni, yeye anainua miguu. Na kuna mteja wangu anahama, anatafuta wa kumwachia mbwa wake, wa aina iitwayo koka spanieli. Anasema ni mbwa wa asili ya kuwinda. Kuwinda! Sikuuliza zaidi.

Jumanne, 4 Machi
Mbwa kafika. Nilitarajia meno, nimeletewa masikio. Marefu, ya mawimbi, yanaingia kwenye bakuli la maji kabla ya ulimi. Nimemwita Dhoruba. Binti yangu kamwita Pamba, na mbwa kaitikia hilo.

Shemeji alipanda juu ya meza. Raha niliyoipata! Nikamwamuru mbwa kwa sauti nzito amshike. Kumbe mnyama huyu ana moyo laini, hawezi kukaripiwa. Akalala chali, akajikojolea, na mguu wangu ukapata sehemu yake. Shemeji akateremka mezani kumpa pole. Mbwa, si mimi.

Alhamisi, 6 Machi
Mpango wa pili: kuwaacha peke yao. Mke kazini, mtoto shuleni, mimi nikajitia nina safari. Nilirudi nikitegemea kukuta mzigo umefungwa. Nikamkuta shemeji kakaa sakafuni, kichwa cha mbwa mapajani. Akanieleza kwamba maskini huyu hapendi upweke, alimfuata hadi mlango wa bafuni, na kila alipokaa aliletewa ndala, bila hata alama ya jino.

Nikampigia simu mwenyewe wa zamani. Huyu alikuwa anawinda nini hasa? Ndege, akasema. Wakishapigwa risasi wakaanguka, kazi yake ni kuwaokota taratibu asiwachubue.

Mwokotaji! Nimemtafutia shemeji mtumishi.

Jumapili, 9 Machi
Nimepata jipya. Jana daktari wa mifugo alinieleza matunzo, nami nikasikiliza kama mtu anayesomewa wosia. Achanwe manyoya kila siku, yasisokotane. Masikio yakaguliwe na kusafishwa, na akiogeshwa yakaushwe vizuri, kwa sababu yamelala na unyevu hukaa ndani. Atembezwe sana. Chakula kipimwe, maana huyu hajui kushiba.

Kazi zote nimemkabidhi shemeji. Mvivu kama yule hawezi kufika Jumatano.

Jumatano, 12 Machi
Kafika. Anaamka alfajiri, anapiga mluzi. Majirani wanamsifu mbwa, wanamsifu na mchanaji. Mimi ndiye mwenye mbwa, naulizwa hali ya shemeji!

Nilichukia. Jana nikamwogesha mbwa mwenyewe, mbele ya nyumba, watu wote waone. Makofi ya majirani yalinilevya, nikasahau kukausha masikio. Leo anatikisa kichwa, anajikuna, ananuka. Daktari kampa dawa ya matone, na hakubali kutiwa na mwingine ila shemeji. Mke wangu alinitazama akasema, "Sikio la kufa halisikii dawa. Na simsemi mbwa."

Jumamosi, 15 Machi
Shemeji kapata kazi! Na chumba, mtaa wa pili. Kaondoka asubuhi. Begi nimembebea mwenyewe, nusura nikimbie. Kufika adhuhuri redio zimepangwa chumba cha nyuma, nami katikati yake nimekaa kama sultani.

Mbwa akakaa mlangoni. Akalia. Chakula akakigeuzia mgongo, yeye asiyejua kushiba. Binti yangu naye akasukuma sahani. Nikachukua kitana nimbembeleze mbwa, kikanasa sikioni, akaanza kutetemeka. Ndipo mtoto aliponiuliza, "Baba, kwani mjomba alikukosea nini?"

Niliona aibu, na nilimhurumia yule mbwa kuliko nilivyodhani ninaweza.

Jioni nikaenda mtaa wa pili. Nikamwambia shemeji arudi, kazini aende akitokea kwetu. Machozi yakamlenga. Akasema siku zote alidhani simtaki. Nikamuuliza nani alimdanganya.

Jumapili, 16 Machi
Shemeji yuko chumbani kwake, mbwa miguuni pake. Redio ziko barazani chini ya turubai. Binti kala sahani mbili. Mke wangu kanimiminia chai bila kuombwa, jambo la nadra. Nyumba ina amani, hata mimi naisikia.

Wakati wa chai shemeji akanishukuru mbele ya wote. Akasema nimemponya, sasa haogopi mnyama yeyote duniani. Isipokuwa bata bukini. Aliwahi kukimbizwa na mmoja, mpaka leo akimwota anaamka na jasho.

Nilimaliza chai yangu polepole, nikaenda barazani, nikafunua turubai. Redio kubwa ya mbao, ile yenye kukoroma, ni ya mzee mmoja mfugaji wa bukini. Nimempigia. Kaniapia kwamba dume lake halijapata kumpenda mtu.