Kona Inayonilazimisha Kumsalimia Machibya

Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa,

Pole na majukumu ya kutuongoza. Mimi ni Deusdedit, muuza mchele, wa nyumba yenye uzio wa michongoma hapa Shanwe. Nakuandikia nikiwa na akili zangu timamu, kuomba barabara yetu inyooshwe.

Historia yake unaijua. Haikuchorwa na mtaalamu yeyote. Ilichorwa na Katibu, fahali wa jirani yangu Machibya, enzi hizo hapa ni pori na ng'ombe wanapita kwenda kunywa maji. Katibu alikizunguka kichuguu, akakikwepa kisiki cha mninga, akapinda tena kwenda kulamba udongo wa chumvi, wenzake wakamfuata. Greda lilipokuja, dereva alikuta njia imeshasafishwa, naye akafuata. Leo kichuguu hakipo, kisiki hakipo, na Katibu mwenyewe tulimla kwenye harusi ya binti wa Machibya. Mimi nilipata paja. Kona zake ndizo zimebaki.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mimi na Machibya tumenuniana. Msimu uliopita ndama wake aliingia shambani kwangu akala mahindi, na mwenye ndama akadai shamba ndilo limeingia kwenye njia ya ng'ombe. Niliapa kutosema naye tena. Sasa pale kwenye kona ya chumvi, kwa sababu ya michongoma, humwoni mtu mpaka mmekaribia kugongana vichwa. Kila asubuhi nakutana naye hapo uso kwa uso. Nimelelewa vizuri, siwezi kumpita mtu mzima kama nimepita nguzo ya umeme. Ananiambia "Mwangaluka, baba," nami inabidi niitikie.

2. Salamu ya Kisukuma haiishi. Ikitoka kwangu inakwenda kwa mke wangu Theopista, kwa watoto, kwenye mihogo, mpaka kwenye goti la mama mkwe wangu kule Mpimbwe. Nami, asije akasema Wapimbwe hatuna adabu, namuuliza ya kwake yote. Hasira ninayotoka nayo nyumbani haijawahi kufika sokoni.

3. Theopista na Nyamizi, mke wa Machibya, wameweka gogo pale konani, wanakaa kupukuchua mahindi na kucheka. Mahindi yenyewe ni yale aliyoyabakiza ndama!

4. Kuna suala la utaratibu. Leo tukikubali ng'ombe apange barabara, kesho mbuzi watapanga stendi ya mabasi, na kuku wataomba nafasi kwenye kamati ya ardhi.

Ili kuwarahisishia wataalamu, nimevuta kamba kutoka kwangu hadi barabara kuu. Imepita katikati ya zizi la Machibya. Sikuielekeza mimi, Mwenyekiti, kamba ilinyooka yenyewe. Tukipata barabara hiyo, nitamwona akiwa bado mbali, nami nitapata nafasi ya kugeukia njia nyingine.

Nisalimie mama watoto, wajumbe wote, na wale vijana wa bodaboda wanaoangukia kwenye uzio wangu. Waambie sina kinyongo nao.

Wako mtiifu anayepinda kila siku,
Deusdedit

N.B. Barua hii imechelewa kukufikia. Siku niliyotaka kuileta, Machibya hakuwepo konani. Nilifurahi, nikapita haraka. Kesho yake hakuwepo tena, nikajikuta nimesimama pale najifanya nafunga kamba za viatu, na nilikuwa nimevaa kandambili. Ikabidi niende kwake. Kumbe ameteleza zizini akavunjika mguu. Niliogopa, Mwenyekiti, sikufichi. Ataanza kutembea kwa magongo, polepole sana, na barabara ikinyooka nitakuwa nimeshapita kabla hajatoka mlangoni. Naomba iachwe kama Katibu alivyoichora, ila lile gogo liongezewe mahali pa kuegemea. Kuhusu mahindi yangu, sijasahau. Nitamweleza ukweli wake palepale konani siku atakayofika, tukishamaliza salamu.