Drapo Nyekundu ku Muchanga

Siku ya kwanza, tarehe 8 Septemba

Yaya Florentine, dada yangu mukubwa, unisamehe. Tangu Pasaka unangojea habari yangu, na mimi kila siku ninasema kesho. Kesho Chouchou anaota meno. Kesho muhogo inaoza mu maji. Kesho ninalala na biki mu mukono. Sasa nimeamua: nitaandika kidogo kila siku mu kaye hii, na mama Aurélie ataivusha ziwa na mashua yake ya samaki, mupaka kwenu Kilwa, upande wa Congo. Usisomee mutu mwingine.

Habari kubwa: Hénoc, mudogo wetu, atakimbia! Siku hii ya posho, kabla ya siku ya Mungu, hapa Nchelenge, mbio ya porini ya banaume badogo, bale habajafika miaka makumi mbili. Inchi tatu: Zambia, Tanzania, Congo. Na sisi ba kambi ya bakimbizi ya Mantapala tumepewa nafasi. Bale sita ba kwanza batapanda ndege kwenda kukimbia na bavijana ba Afrika yote. Ndege, yaya! Mutoto mwenye tulikuwa tunaosha mu beseni!

Lakini kama hakuingia mu sita, ameshasema: anaenda Chienge kuvua samaki. Usiku, katikati ya ziwa. Nilimujibu ziwa ilishakamata Papa yetu, inatosha. Akachukua biatu, akaenda kukimbia. Unajua kichwa yake.

Bwana yangu amebaki Mantapala na mashamba. Sisi tunalala kwa mama Jeanine, ule wa Kilwa, wa karibu na kanisa. Amepanga nyumba hapa, na mutoto yake Stéphane anakimbia vilevile, mu timu yetu. Jeanine anasema Stéphane iko na mapafu ya ngombe. Nikamujibu ndiyo, na akili ya ngombe vilevile. Nilimujibu mu moyo tu.

Siku ya pili, tarehe 9 Septemba

Mupango ya kwanza. Mwalimu Fanwell, Muzambia mwenye kutayarisha mbio hii, aliambia batoto basikimbie na tumbo nzito. Bon. Nilipika bukari ya unga ya muhogo, sombe ya majani yake, na samaki. Nikamupakulia Stéphane mulima. Nikamuongezea. Nikamuita mwanangu! Hénoc nilimupa uji kidogo.

Stéphane akamaliza yote, akalamba sahani, akanishukuru kwa adabu, akaenda ku mazoezi. Akarudi wa kwanza.

Hénoc alirudi nyuma kabisa, tumbo inalia. Akaniuliza kama mimi ni dada yake ao dada ya Stéphane. Na Jeanine anatangaza mbele ya bamama bote ku bomba ya maji: Régine anapika muzuri, abaki tu hapa, mutoto amepata nguvu. Nilicheka nao. Meno iliniuma.

Siku ya tatu, tarehe 10 Septemba

Leo nilitembea njia yote ya mbio, Chouchou ku mugongo. Mwalimu Fanwell amepanda bijiti na drapo ndogo nyekundu za kuonyesha njia. Njia inatoka ku kiwanja, inapita mu mashamba ya muhogo, na kisha kilima! Mawe matupu. Stéphane anapanda kilima sawa mbuzi. Hénoc, kilima inamuua.

Lakini chini ya kilima, hapohapo, kuna ziwa na muchanga yake. Mupana, safi, imefagiwa, hakuna hata mutu.

Nilisimama. Yaya, ilikuwa Kilwa. Unakumbuka Mama anaanika chisense, samaki yake ndogondogo, na sisi tunafukuza kunguru? Na Hénoc, matako inje, anashindana na mbwa ya jirani? Muchanga ilikuwa inakamata miguu ya batu bote, yake ilikuwa inaiacha. Na Mama anacheka, anajifunika uso na kitenge sababu meno yake ya mbele ilitoka. Tangu tuvuke sijasikia mutu anacheka vile. Nilitoa biatu yangu. Muchanga ilikuwa ya moto. Ng'ambo moshi ilifunika milima ya Congo, lakini nilijua kila moja inasimama wapi.

Chouchou akalia, nikamunyonyesha hapo chini. Na akili ikaja. Drapo ni nini? Kitambaa ku kijiti. Na kijiti inangolewa.

Siku ya tano, tarehe 12 Septemba

Jana sikuandika. Chouchou, joto, meno.

Jeanine amemununulia Stéphane biatu bya kukimbilia, bya misumari ku nyayo. Bipya! Akabipanga mu mulango ili kila mutu abiruke. Akaangalia biatu bya Hénoc, bya raba, byenye kidole kinachungulia, akasema: masikini, Mungu anaona moyo. Nikasema Mungu anaona na misumari.

Kisha akaongea mambo mingi, vile anaongea. Mwezi imeanza kuchelewa kutoka. Giza inarudi. Bei ya samaki itashuka. Nilikuwa natikisa kichwa tu. Mimi nilikuwa ninawaza bijiti.

Siku ya posho, tarehe 13 Septemba, asubuhi

Imefanyika! Nilitoka kabla ya jua, Chouchou amelala ku mugongo. Muchanga mutupu, hata mbwa hakuna. Nikangoa drapo za kilima moja moja, nikazipanda ku muchanga, mustari muzuri. Zikipita kule zinarudi mu njia ya muhogo, ile ya kurudi ku kiwanja. Kilima, kwaheri! Nimerudi, nimechemsha chai. Jeanine anauliza mbona niko naimba.

Siku ya posho, magaribi

Yaya. Ngoja nivute pumzi.

Miaka saba ya muhogo mu Mantapala imeniharibia akili ya ziwa. Mimi, mutoto ya Mama! Mutu akiniuliza mu usingizi ningemujibu: mwezi ikiwaka, chisense haifuate taa ya bavuvi, basi mashua zinalala na muchanga inakaa mutupu. Ni sababu hiyo ilikuwa mutupu! Na giza ikirudi, chisense inarudi nayo.

Nilifika pale pa kona, chini ya kilima, nikaona ziwa imepanda inchi kavu. Feza tupu! Bamama ba kuanika, na mukubwa wao, mama mwenye Bazambia banamuita kwa heshima ba Ireen, balikuwa bametandika samaki kila fasi, kutoka majani mupaka karibu na maji. Na katikati ya samaki, drapo zangu nyekundu, zimesimama muzuri sana. Ba Ireen alikuwa ametundika shali yake ku moja.

Kabla nifungue kinywa, bakaja. Na mwenye kuwa mbele, peke yake, shingo imenyooka sawa ya Papa, ni Hénoc! Muchanga ilimutambua. Nilipiga vigelegele. Chouchou akapiga vigelegele.

Kisha Hénoc akafika ku samaki. Akasimama!

Akaangalia kushoto, akaangalia kuume. Akazunguka. Mbali, yaya, mupaka mu ziwa, maji ku magoti, anainua miguu sawa korongo. Nyuma yake Batanzania bakapita katikati. Bazambia bakapita katikati. Stéphane akapita na misumari yake, kila hatua anabeba kitoweo ya nyumba moja. Ba Ireen akashika fagio. “Awe! Awe, mwe bantu!” Ni Kibemba: hapana, ninyi batu! Akamuchapa Mutanzania ku mugongo, naye akaongeza mbio. Ni ule alikuwa wa kwanza.

Na mimi nilikuwa nalia nini? “Kanyaga! Kanyaga, Hénoc!” Ba Ireen akageuka pole pole, na fagio.

Stéphane, wa sita. Hénoc, wa saba. Jeanine alicheza mupaka kitenge ikaanguka.

Mwalimu Fanwell aliuliza nani alipeleka drapo ku ziwa. Nikamuambia labda mbuzi. Akaniangalia sana. Akasema ni mbuzi mwenye kusoma, sababu amezipanga mustari. Lakini bote balipita njia moja, basi mbio imehesabika. Na wa saba anakuwa wa akiba: mumoja wa bale sita akigonjwa kabla ya safari, ni Hénoc atapanda ndege. Chienge ingojee kwanza.

Nilimukamata Hénoc pembeni. Nilikuwa mukali. Nikamuuliza kama samaki ni ya mama yake. Akajibu pole: “Yaya Régine, si wewe ulinichapa kule Kilwa? Nilikanyaga moja tu. Ulisema, samaki yenye kuanikwa ni mikono ya Mama imelala chini.”

Nilisahau, yaya. Yeye hakusahau.  Nikainama, nikamupangusa muchanga ku miguu na kitenge yangu.

Ba Ireen aliamuru tuoshe samaki yenye kukanyagiwa, sisi bawili, sababu kelele yangu aliisikia. Tuliosha mupaka jua ikagusa maji. Mikono ilikumbuka yenyewe: kuchekecha, kumwaga, kutandika. Hénoc alikuwa anafukuza kunguru na mulio wa Mama, ule wa “shaa, shaa”. Ba Ireen akamutazama, akaniambia mu Kibemba kwamba mutoto huyu alilelewa. Kisha akaniambia mimi niongeze mbio.

Siku ya Mungu, tarehe 14 Septemba

Nimetoka kanisa. Nilipiga magoti, nikamuahidi Mungu: drapo, basi. Kabisa. Sitagusa tena kijiti ya mutu. Moyo imekuwa nyepesi.

Mama Aurélie anavuka kesho, donc nifanye haraka. Akirudi, umupe hii yote: picha ya Mama ku muchanga wa Kilwa, ile anajifunika kinywa, Hénoc ameiomba. Nguo ya joto ya Chouchou, ile ya mutoto yako, hata kama imechanika. Mafuta ya ngazi, ile nyekundu ya michikichi, chupa moja, ya hapa haina harufu. Biatu bya misumari numero makumi ine na mbili, hata bya zamani, Hénoc atabishona.

Na yale majani ya Mama ya kusafisha tumbo. Si kipimo ya mutoto; ya mwanaume, ya mutu mwenye mapafu ya ngombe. Uyakaushe muzuri yasinuke. Stéphane ananiita mama sasa, na anapenda sana chai yangu.

Na sukari, yaya. Mingi. Majani yale ni machungu.