Kuku Wangu Wasionekane Duniani

Jumatatu, 10 Agosti 2026

Salamu nyingi kwako, shajara. Mimi mzima kiasi. Baba Severina mzima, isipokuwa mgongo. Mama mkwe wangu, bibi Klara, mzima, anauliza chai. Yunisi, mwanangu mdogo, mzima, ila kakohoa mara moja, nimeogopa. Binti yangu Severina yuko likizo ya chuo kikuu, mzima. Ndiye kasema hofu zangu niziandike huku, nisimwamshe yeye.

Hofu ya leo: semina. Wanachuo wanafundishwa kutengeneza tovuti, hapa hapa Kiomboi, ukumbi wa kanisa. Kila mmoja atatengeneza ukurasa wa biashara ya kwao, Ijumaa waonyeshe. Atakayefanya vizuri anapewa nafasi ya fildi, mafunzo ya kazini, mjini Singida. Severina kaomba fildi kila mahali, kakosa. Bila fildi chuo hamalizi! Na yeye kachagua nini? Kuku wangu.

Nimeuliza huo ukurasa utaonekana hadi wapi. Kasema dunia nzima mama, hata Uchina. Uchina sina shida nao. Je, na kwa Sikudhani? Kacheka. Anacheka! Sikudhani jirani yetu ana jicho baya. Mwaka jana kasifia vifaranga wangu asubuhi, jioni kideri kikawaua wote.

Jumanne, 11 Agosti

Nimepata akili. Alfajiri kuku wote ndani ya matenga, hadi kwa kaka yangu Melkiori, kule bondeni. Hakuna kuku, hakuna picha. Severina atachagua alizeti za baba yake. Alizeti hazifi kwa jicho. Nimemwambia kuku wameenda kutembea. Kaniangalia sana.

Jumatano, 12 Agosti

Severina kasema picha kashapiga, ukurasa umekaa vizuri. Picha za nini? Nimeogopa kuuliza. Melkiori kaja na habari: tetea mmoja kachukuliwa na kicheche. Shati lake linanuka ndimu na pilipili. Kicheche gani huyo anayekaanga?

Ijumaa, 14 Agosti

Mungu wangu! Ukumbi umejaa wazazi. Mwalimu wao ni Parth, kijana wa duka moja la vitambaa Singida, mpole, kaniambia shikamoo mama. Kawasha mashine, ukurasa ukatokea ukutani. Jina langu. Namba yangu ya simu. Halafu kuku, wanene, wenye madoa. Sio wangu!

Kabla sijapumua Sikudhani kasimama. Huyo jogoo wangu! Mama Severina, sasa unaniibia hadi kwenye kompyuta? Watu vicheko. Severina kainama. Kumbe banda letu alilikuta tupu, akawapiga picha kuku wa jirani.

Parth akauliza taratibu kama biashara hii ipo kweli, maana ya kubuni haipewi nafasi. Nikaiona fildi inaondoka. Nikasimama. Nikasema kuku wangu wapo, nimewaficha kwa Melkiori, namwogopa Sikudhani. Mbele yake mwenyewe! Sikudhani akajibu kwamba hata yeye ananiogopa mimi, ndiyo maana wake huwafungulia nikishaenda shamba.

Mimi? Nina jicho mimi?

Severina akagusagusa vitufe, palepale maneno ukutani yakabadilika: Kuku wa Mama Severina na Jirani Yake. Namba za simu mbili, yangu na yake. Parth akapiga makofi. Fildi kapata! Nimelia mpaka kitenge kimelowa.

Jumapili, 16 Agosti

Severina kashaenda Singida. Kuku nimewarudisha. Sikudhani na mimi tumekunywa chai, tumekubaliana mambo ya jicho basi.

Lakini simu! Tangu asubuhi. Mtu wa Dodoma anataka kuku. Hoteli inataka kila wiki. Watu wote hao wamewajuaje kuku wangu? Macho mangapi hayo! Nimewaambia wamekufa wote, kideri. Sasa wanampigia Sikudhani, kutwa anauza, na anacheka kwa sauti makusudi.

Nimemtumia Severina ujumbe atengeneze ukurasa mwingine haraka, wa msiba wa kuku wangu, dunia nzima ione. Kuku wenyewe nimewaficha chini ya kitanda. Tetea wakilia, bibi Klara anakohoa kwa nguvu wasisikike. Jogoo ndiye tatizo, huyo hakohoeki. Kama unajua namna ya kumnyamazisha jogoo bila kumchinja, shajara, nijibu upesi, kabla ya alfajiri.