Watoto Wanaochunguza Salamu Zetu za Redioni

Voi,
14 Juni 1996

Mwalimu Mkuu Mheshimiwa,

Mimi ni Ridha Miraj, mwenye duka karibu na stesheni, baba yake Khairat wa darasa la sita, na mwenyekiti wa klabu ya salamu za redioni hapa mjini. Bila shaka umenisikia hewani. Naandika kwa heshima na kwa uchungu kumlalamikia Mwalimu Mable, ambaye amewageuza watoto wetu kuwa watafiti. Wanachunguza eti wao wenyewe huonaje majina yao yakisomwa redioni.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Utafiti juu ya watoto ni kazi ya watu wazima, na klabu yetu ilishaufanya. Tulikaa wazee watupu dukani kwangu, tukanywa kahawa, tukakubaliana kwa kauli moja kwamba watoto hufurahi mno. Wenyewe hatukuwauliza, maana wangetuvurugia matokeo.

2. Watoto hao wamekwenda hadi Maungu kumhoji mwenzao Zephaniah, ambaye mjomba wake alimpa pole ya minyoo hewani, kwa mapenzi tu. Sasa mtoto analalamika kwamba shule nzima inamwita Minyoo. Mbona hataji waliomwombea apone? Halafu wakaandika kwenye ripoti yao kwamba watu ambao wao huwaogopa redioni si wale wasiowajua, ni wazazi wao. Hapo nilisoma mara mbili, chai ikapoa.

4. Wametunga sheria: anayemtaja mtoto kwenye kadi ya salamu amwulize kwanza. Mwalimu, tutafika wapi? Leo niombe ruhusa ya kumsalimu binti yangu, kesho nimwulize kama anapenda kuoga, keshokutwa kuku naye atataka kuhojiwa kabla ya pilau.

5. Tangu kadi yangu ya mwisho isomwe, Khairat huzima redio salamu zikianza. Naye ndiye aliyekuwa akikaa nami kusikiliza, akishangilia kila jina tulijualo. Nasikiliza peke yangu, na hili linaniuma kuliko yote.

Kwa hivyo naomba utafiti usimamishwe, na klabu yetu ikabidhiwe kazi ya kuwaeleza watoto wanavyojisikia.

Nisalimie walimu wote, mpishi, mlinzi, Mama Immaculate anayeuza maandazi getini, jamaa wote wa Makwasinyi wenye redio, na shemeji yangu Fawaz popote alipo shambani kule Mboghoni. Ujumbe: tuwapende watoto.

Mzazi mwenzio katika malezi,
Ridha Miraj

Tanbihi: Utaona hakuna namba tatu. Ilikuwa inaeleza ile kadi, na jambo la nyumbani nililompongezea Khairat mbele ya nchi nzima. Kabla ya kufunga bahasha nilimwuliza kama naweza kutuma barua hii hivyo. Akasoma, akasema hiyo ni habari yake, si yangu. Nimeifuta. Ya Zephaniah sijapata kumwuliza mwenyewe, yuko Maungu, kwa hivyo tafadhali usiisome kwa sauti. Mwambie Mwalimu Mable aendelee tu. Jioni hii Khairat amewasha redio mwenyewe.