Moyo Wangu Hauna Meno ya Msumeno

Dandora, Phase Two
12 Juni 1996

Kwako Mwalimu Opicho wa darasa la umeme,

Salamu utaanza wewe siku tukionana tena, kwa sababu mimi ndiye mkubwa.

Mimi ni Syombua, nyanya yake Mbeti, yule msichana uliyemrudishia mashine ya kusoma moyo. Ulisema kidude kinachofikiria ndani yake, kile cheusi cha miguu arobaini, ni kizembe. Umempa mpaka Ijumaa aweke chako cha haraka, la sivyo hapati cheti. Tangu jana hajagusa chakula. Naandika maziwa yakiwa kwenye stovu, kwa hivyo nisikilize vizuri.

1. Ati chake kinaangalia moyo mara ishirini kila sekunde, na wewe unataka mara mia mbili. Mia mbili! Niliacha shule darasa la tatu lakini ishirini naijua, ni nyingi. Nimezaa watoto saba. Nesi alichungulia mara moja, akaenda kunywa chai. Wote saba wako hai. Ngoja niangalie maziwa. Yametulia.

2. Siku ile nilipokuja hapo shuleni, vidude vyote viwili vilijaribiwa kwangu, nimefungwa nyaya mikononi kama mwizi wa kuku. Chako kilichora meno ya msumeno. Cha Mbeti kilichora kilima laini. Mimi ni mama wa kanisa, Mwalimu. Moyo wangu umeota meno lini? Eti meno yapo, ila yanapita wakati kidude cha Mbeti bado kinapiga hesabu ya pale kilipoangalia mwanzo. Sasa kitu kikipita bila kuonekana, kimekudhuru wapi? Maziwa bado yametulia.

3. Kama haraka ndiyo akili, kusanya vyeti vyote uwape nzi wa jaa letu hapa Dandora. Wape na kazi yako pia, maana kuangalia mashine moja tu ulichukua wiki tatu.

Kwa hivyo naomba kwa heshima: mpitishe mtoto, na kidude chako ukirudishe kabatini.

Nisalimie mkeo, walimu wenzako, na yule askari wa langoni aliyenipa kiti. Wewe hukunipa.

Ni mimi niliyekasirika,
Nyanya Syombua

Tanbihi: Maziwa yamemwagika yote. Niliangalia mara mbili, na mara zote mbili yalikuwa yametulia. Mbeti ameangalia stovu, akaniangalia mimi, akacheka mpaka akakaa chini, kisha akaomba chakula. Barua siandiki tena, mkono umechoka. Mpe hicho kidude chako. Ijumaa nakuja na mikono yangu mwenyewe, mfunge nyaya, muyatafute hayo meno.