Mnyonyadamu Asiyeuma

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Leo nimezaliwa upya. Miaka tisa nimesoma matangazo ya vifo na mbuzi waliopotea katika redio yetu hapa Malindi, na sauti yangu imeingia nuksi. Juzi nilifika kwa Phoebe mwenye duka kununua chumvi. Mama mmoja akaisikia sauti, akaweka kikapu chini, akauliza ni nani tena amefariki. Nilitaka chumvi tu.

Sasa yamekwisha. Mchezo wangu wa redio umekubaliwa: Daktari Damu, mnyonyadamu wa mwaka 2090 anayetikisa Pwani nzima. Nimemwandika kwa kipimo changu mwenyewe. Mrefu, sauti nzito, wanawake wanazimia. Nikishamcheza, nani atanikumbuka kwa matanga?

Bi Ummulkheir, meneja wetu, ametoa sharti moja. Hataki jini, hataki mumiani, hataki uchawi. Mchezo uliopita watu walileta mganga mpaka mlangoni pa studio. Kila jambo lielezwe kisayansi, na sayansi hiyo ikaguliwe na Kanze, mwanamke anayefuga mbu katika kituo cha utafiti huko Kilifi. Sharti dogo. Sayansi ni maneno tu, mradi yapangwe vizuri.

Jumanne, 9 Septemba

Maelezo ya kwanza: Daktari amepungukiwa damu, kwa hiyo anajiongezea. Nimemtumia Kanze kwa simu. Amejibu kabla sijamaliza chai. Anasema damu ikipita mdomoni huenda tumboni kusagwa kama maini ya kukaanga, mishipani haifiki. Tena mtoto wa dada yake ana ugonjwa wa damu, na wenziwe shuleni wanamkwepa hata bila msaada wangu.

Hapo niliona haya kwelikweli. Nimefuta ukurasa mzima.

Saa kumi nimepata mengine. Popo! Daktari aliumwa na popo, akaambukizwa kirusi.

Alhamisi, 11 Septemba

Mkono mtupu haulambwi. Nimekwenda Kilifi na kilo nzima ya halua. Kanze ameipokea kwa mikono miwili, amekula, wenzake wamekula, kisha amempiga mstari popo wangu. Anasema popo wa kwetu hula kungu na maembe, na wengine hula wadudu. Wanaokunywa damu wako Amerika. Nikasema basi Daktari alisomea huko. Akauliza mbona hakurudi na shahada.

Nikiwa mlangoni nikaona vizimba vya wavu, vimejaa mbu. Mwenye mbu atampingaje mbu? Nikamwambia palepale: kosa la maabara limechanganya mbu na Daktari katika mwili mmoja. Kanze akavitazama vizimba vyake. Akasema hilo atalikubali, ila nimfuate mbu kama alivyo, nisimbadilishe. Akaliandika kwenye karatasi, nami nimetia sahihi bila kusoma.

Ili niingie katika uhusika, nimeomba kutia mkono kizimbani. Amenichagulia kizimba mwenyewe. Dakika kumi, mbu zaidi ya mia, na hapana hata mmoja aliyethubutu. Wamenitambua. Nimerudi Malindi nikiimba.

Jumamosi, 13 Septemba

Balaa. Kanze amemwandikia Bi Ummulkheir. Mbu dume haumi. Anayenyonya damu ni jike peke yake, kwa ajili ya mayai. Dume hunywa maji ya maua, na pale kituoni hupewa pamba iliyochovywa maji ya sukari. Kizimba nilichotia mkono kilikuwa cha madume watupu.

Kwa hiyo Daktari Damu ni mwanamke. Bi Ummulkheir amemsikia Kanze akimsomea kwa simu maneno ya Daktari, akampa nafasi hapohapo. Mimi ni mumewe. Kazi yangu kufyonza maua na kuuliza mke wangu atarudi saa ngapi. Mistari mitatu.

Nimegoma. Nimegoma mpaka saa tisa, nikakumbuka Jumatatu nina matanga sita ya kusoma. Nimekubali.

Jumatano, 17 Septemba

Siku ya kurekodi. Nilikuja na hila: mistari mitatu, lakini niiseme kwa sauti ya kutisha hata Kanze asahaulike. Nikavuta pumzi. Nikaunguruma kuwa maua yamekwisha na mke wangu hajarudi. Mwambire, fundi mitambo, alicheka hadi akatoka nje. Tumerudia mara nne. Mara ya tano Bi Ummulkheir naye alikuwa amejifunika mtandio usoni, mabega yanamtikisika. Hawajui sanaa hawa.

Jumamosi, 20 Septemba

Mchezo umetoka jana jioni. Asubuhi nimeingia kwa Phoebe, nikasema sabahalheri. Duka zima likaangua kicheko. Phoebe akauliza kama mke wangu amerudi, akanifungia robo ya sukari, akakataa pesa. Mzee mmoja akanishika mkono na kuniambia amecheka jana kwa mara ya kwanza tangu amzike mkewe. Tangazo la mkewe nililisoma mimi. Nikatoka na ile sukari bila hata kumwambia Phoebe asante.

Bi Ummulkheir amepiga simu. Wasikilizaji wanamtaka mume. Sehemu ya pili atakuwa na mistari arubaini. Kanze naye ametuma ujumbe kwamba bila mimi hana nyumba ya kurudi, tuandike pamoja.

Furaha nimeiona. Lakini mume ni mume tu. Mtu mwenye sauti hii kuulizia maua?

Mchana wote nimesoma. Nimegundua ruba, yule mnyoo wa majini. Ruba hunyonya damu, na kila mmoja ni dume na jike katika mwili mmoja; sayansi safi, haina mwanya. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kesho nakwenda Jilore kutafuta bwawa, nitie mguu. Sehemu ya pili Daktari na mumewe nitawacheza wote wawili mimi mwenyewe.

Kanze sijamwambia. Atafurahi kupumzika.