Sabuni ya Wodi ya Wanaume

Jumatatu, 4 Machi
Daktari Teresia, anayetufundisha sisi madaktari tulio mafunzoni namna ya kuboresha huduma, katuagiza kila mmoja achague tatizo moja, abadilishe jambo dogo, kisha apime. Atakayefanya vizuri atakwenda Mwanza kuwaeleza wenzetu. Hoteli ya ghorofa! Lazima niende mimi. Ikram kachagua kubadilisha bandeji za majeruhi wa machimboni kwa wakati. Maskini, atachoka. Mimi nimechagua kunawa mikono. Kusimama nikitazama watu wakinawa siwezi. Nitapima sabuni tu: ikiisha, wamenawa. Akili ni mali.

Jumatano, 6 Machi
Asubuhi nilijaza chupa zote za wodi ya wanaume. Mchana zote tupu! Nimechora grafu, mstari unapanda tu. Daktari Teresia kauliza kama nimewaona watu wakinawa kwa macho yangu. Nikamjibu kwamba takwimu zina macho yake. Akaandika kitu kwenye daftari lake. Nadhani nilimgusa.

Ijumaa, 8 Machi
Mseti, mtunza stoo, analalamika kwamba kwa sabuni hii Tarime nzima ingekuwa inang'aa. Wivu. Ikram naye kaniuliza watu wananawaje wakati bomba la wodi limekauka tangu jana. Nikamwambia mwenye nia hakosi maji. Nimepiga pasi shati la Mwanza.

Jumatatu, 11 Machi
Siku ya kuwasilisha. Grafu yangu ukutani, ya Ikram haioni ndani. Mara akaingia Mama Rhobi, anayemuuguza mumewe aliyevunjika mguu shimoni, kabeba mkungu wa ndizi. Nikampa shikamoo. Akanishukuru mbele ya wote! Kumbe dhahabu ya unga ilikuwa ikielea kwenye karai la kuoshea mchanga na kwenda na maji. Tangu wanaouguza waanze kuchota sabuni yangu na kuitia karaini, dhahabu inazama vizuri. Machimboni wote wananiombea.

Daktari Teresia alicheka mpaka akatoa kitambaa. Ikram ndiye anayekwenda Mwanza, vidonda vya wagonjwa wake vinakauka. Niliona aibu, masikio yakawaka moto. Ila ndizi zilikuwa tamu, tukazila wote.

Jumanne, 12 Machi
Nimepewa nafasi nyingine! Daktari Teresia kanisihi safari hii nianze kwa kuwatazama watu. Bila shaka. Nimechagua tatizo la wizi wa sabuni. Asubuhi nimeondoa chupa zote wodini. Mpaka jioni halijaibiwa hata tone. Mstari umeshuka hadi sifuri! Shati nimelipiga pasi tena.